Mradi wa profaili ya mjomba: fundi majokofu wa Mwanza anaingia LinkedIn

Jumamosi, kuanza

Mjomba wangu ni fundi wa majokofu, na sizungumzii friji za jikoni, nazungumzia koldirumu, yaani vyumba vya baridi vya kuhifadhia mzigo, na mashine za kugandishia minofu, kazi ambayo ameifanya kwenye viwanda vya sangara hapa Mwanza toka mimi niko shule ya msingi. Siku hizi kajiajiri. Kazi anapata kwa kupigiwa na watu wanaomjua, na wanaomjua karibu wote wako kati ya Igogo na Kirumba, nje ya hapo ni kama hayupo. Mtu wa Bukoba koldirumu yake ikizingua anatafuta kwenye simu, anakutana na kampuni za Dar, kampuni ya Dar ikiona safari ndefu inampigia nani? Inampigia mjomba, anaenda anafanya, wao wanakata chao, tena kikubwa. Mradi wote ni huo tu, mwenye koldirumu amuone fundi mwenyewe bila mtu wa kati.

Tumechagua LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, kwa sababu mameneja wa viwanda na wa hoteli wako kule kwa majina yao na vyeo vyao. Mjomba kauliza wa nani huo mtandao, nikamwambia ulifunguliwa Marekani 2003 na Microsoft wakaununua 2016 kwa dola bilioni 26 na ushee. Akasema "basi kwa hela hiyo humo ndani lazima kuna watu." Haya, tuendelee.

Tumekubaliana kitu kimoja kabla ya kugusa simu. Akaunti ni yake, namba yake, barua pepe yake, nywila anayo yeye kichwani, mimi nakaa pembeni naelekeza. Inachosha na inachelewesha, lakini siku meneja akimpigia akamuuliza juu ya kitu kilichoandikwa pale asianze kushangaa kama kaandikiwa na jini.

Jumapili, kumhoji

Leo sijafungua hata mtandao, nimekaa na daftari tu. Nilivyoanza ilikuwa hivi:

"Mjomba, kule kiwandani ulikuwa unafanya nini?"
"Nilikuwa nashughulika na mashine, mjomba."
"Mashine gani?"
"Za baridi."

Basi. Miaka yote hiyo, "mashine za baridi". Na ndivyo watu wetu wengi wanavyoandika, halafu tunajaza nafasi iliyobaki na zile sifa za kwenye CV za stesheneri, mchapakazi, mwaminifu, anajituma, anaweza kufanya kazi chini ya presha. Hiyo ya presha nilimsomea kutoka CV yake ya zamani akauliza "presha ipi, ya juu au ya chini?" maana kwenye geji zake za kupimia presha ya gesi kuna pande mbili na kila upande una habari yake. Nikaicheka mpaka shangazi akaja kuangalia kuna nini.

Kilichomfungua mdomo ni friji ya soda ya duka la jirani, ilikuwa inanguruma vibaya, jirani akamwita. Akachukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, mpini akauweka sikioni, akatulia hivi, akasema gesi iko sawa, hii ni mipira ya chini imekufa ndo maana inatetemeka. Akanyanyua kwa mkono kidogo, kelele ikaisha. Nikamuuliza na zile kubwa za kiwandani nazo unazisikiliza hivyo? Ndo akaanza kumwaga, nikawa naandika mpaka mkono unauma.

Nilichopata, kwa kifupi: amefanya kazi na mitambo ya amonia, ile ambayo mafundi wanaiita R717, gesi inayochemka kwenye nyuzi hasi 33 na ikivuja hata kidogo tu pua inakwambia. Amefunga na kufungua kompresa za skrubu na za pistoni. Amesimamia mashine za sahani za kubana minofu na vyumba vya upepo vya hasi 35, lengo likiwa kiini cha mnofu kifike hasi 18 kabla haujaenda stoo. Amehudumia mashine za barafu ya vipande, ile inayopakiwa kwenye maboti yanayoenda visiwani kukusanya samaki. Na kitu ambacho yeye alikiona cha kawaida kabisa, alikuwa anajaza daftari la joto kila baada ya saa kadhaa usiku na mchana, kwa sababu 1999 Ulaya walipozuia samaki wa ziwa letu, viwanda vilivyotaka kurudi sokoni ilibidi vionyeshe kumbukumbu za kila kitu, na baridi ni sehemu ya hivyo vitu. Kwahiyo mjomba amekaa mbele ya wakaguzi akajibu maswali ya nyuzi joto. Hilo hakuwahi kumwambia mtu, eti "si kuandika tu namba".

Mjomba! Hiyo ndo profaili.

Jumatano, mstari wa chini ya jina

Huu mstari una nafasi ya herufi 220 na ndio unaotembea na jina lako kila mahali, ukikomenti uko nao, ukiomba urafiki uko nao, mtu akitafuta anaona picha, jina, na mwanzo wa huo mstari. Watu wengi wanaacha ule unaojiandika wenyewe, cheo fulani kampuni fulani. Kwa mtu aliyejiajiri unatoka kitu cha ajabu kabisa, ni kama amejiajiri mwenyewe kwa mwenyewe.

Tumeuandika kwa Kiingereza kwa sababu wanaotafuta wanatafuta kwa Kiingereza, ila maana yake ni hii: fundi wa rifrijeresheni ya viwandani, amonia na freoni, koldirumu, mitambo ya barafu na ya kugandishia samaki, Mwanza na kanda ya ziwa. Hakuna neno "mzoefu", hakuna "mahiri". Mjomba alitaka tuanze na neno mkurugenzi, kwa vile ana mhuri wa kampuni. Nikamuuliza koldirumu ya mtu ikifa saa nane usiku anatafuta mkurugenzi au anatafuta fundi? Akakaa kimya, tukaendelea.

Pia tumezima ile sehemu ya kuwajulisha watu kila ukibadilisha kitu. Iko kwenye mipangilio, izimeni jamani, la sivyo kila ukirekebisha nukta watu wanaweza kuja kukupongeza kwa kazi mpya.

Ijumaa, picha

Picha aliyokuwa nayo ni ya harusini, suti ya kaki, na begani kuna mkono wa shangazi umekatwa, vidole vinne na pete vinaonekana. Shangazi mwenyewe haoni tatizo.

Tukapiga mpya asubuhi nje kwake Mabatini, jua bado halijawa kali, nyuma ukuta mtupu. Ovaroli safi ya bluu, uso umejaa karibu sehemu kubwa ya fremu, anaangalia kamera. Nilimwambia acheke, akasema fundi anayecheka anaonekana bei rahisi, tukakubaliana nusu ya cheko. Simu ya kawaida tu imetosha. Kwa picha ndefu ya nyuma, ile ya kipimo cha 1584 kwa 396, tumeweka yeye yuko mbele ya mabomba ya kondensa, sehemu ya mtambo inayotoa joto nje, ile iko kwenye koldirumu ya mteja mmoja wa Kirumba ambaye tulimuomba ruhusa kwanza na jina la biashara yake halionekani. Picha za ndani ya viwanda alivyofanyia kazi zamani anazo nyingi kwenye simu, nzuri kweli, lakini hatukuzitumia, ni mali za watu na kuna vingine havitakiwi kuonekana nje.

Mjomba alikuwa anataka jiwe la Bismarck liwe nyuma. Nikasema hapana, kila mtu wa Mwanza analo lile, hata wauza viwanja.

Wiki ya pili, maelezo

Sehemu ya kujieleza inabeba herufi 2,600 lakini inayoonekana kabla mtu hajabonyeza kuona zaidi ni mistari michache tu ya mwanzo, kwahiyo ukianza na "mimi ni mtu niliyezaliwa katika familia ya" umeshampoteza. Mistari yetu ya kwanza inasema hivi, naitafsiri: koldirumu ikipanda joto una saa chache kabla mzigo haujaharibika, mimi natengeneza mitambo ya baridi ya viwanda vya samaki, hoteli na stoo za chakula kuzunguka Ziwa Victoria, nipigie au niandikie hapa. Halafu ndo vinafuata aina za mitambo, gesi, kompresa anazozijua kwa majina, na sehemu anazofika: Mwanza, Sengerema, Geita, Ukerewe, Musoma, Bukoba.

Hapo kwenye Sengerema na Geita tumeongeza sentensi moja ya makusudi. Toka daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, lile la kilomita 3, kutoka mjini hadi Geita hakuna tena kusubiri feri, na kwa kazi ya baridi huo muda ndio kila kitu. Mteja wa Geita ambaye zamani alikuwa anaona Mwanza ni ng'ambo, sasa fundi anaweza kutoka asubuhi akawa kwake kabla ya saa sita. Kitu kama hicho mtu wa Dar hawezi kukiandika kwenye profaili yake.

Uzoefu wa kazi tumeugawa kwa kila sehemu aliyofanya, mwaka na mwezi wa kuanza na kuisha, na chini ya kila moja mistari mitatu minne inayotaja mtambo, kazi yake pale, na kilichobadilika. Mfano mmoja: alikuta koldirumu barafu inaganda kwenye evaporeta, yale mabomba ya ndani yanayopoza chumba, kila mara, watu wanaimwagia maji, akarekebisha muda wa kuyeyusha barafu na akabadilisha mpira wa mlango uliokuwa unapitisha joto, kompresa ikaacha kunguruma mchana kutwa. Tumeandika hivyohivyo. Nilitaka tuweke asilimia ya umeme uliookolewa, akagoma kabisa, akasema "hatukupima mjomba, tusiandike." Sawa.

Kiwanda kimoja alichofanyia miaka mingi kimekataa kumpa barua ya utumishi, wanasema faili halionekani. Tumeandika kazi yake pale bila barua, kwa sababu waliofanya naye wapo na wanaweza kusema.

Vyeti: cheti cha VETA, chuo cha ufundi stadi, kimepigwa picha upya kwa skana ya pale stesheneri, kile cha zamani kilikuwa picha ya kwenye meza ya kulia chakula, ubwabwa unaonekana pembeni. Namba ya cheti na tarehe ya kuzaliwa tumeziba kwa wino mweusi, kwa sababu ukiiweka pale kila mtu anaipakua.

Bado wiki ya pili, ujuzi

Mtandao unaruhusu ujuzi mpaka 100. Tumeweka chache, zile ambazo mtu akimuuliza usiku wa manane anajibu. Muhimu ni kuziunganisha na kazi husika, ukibonyeza amonia inakupeleka kwenye kazi ambayo aliigusa hiyo amonia.

Watoto wa shangazi wameingia wakamthibitishia kila kitu ndani ya dakika, mpaka ujuzi ambao hawajui ni mnyama gani. Haidhuru, ila wanaosoma kwa makini hawaangalii idadi, wanaangalia nani kathibitisha.

Wiki ya tatu, kushuhudiwa

Hii ndo sehemu niliyoona ina nguvu kuliko zote na ndo watu wanairuka kwa aibu. Mtu uliyeungana naye anaweza kukuandikia ushuhuda, unakuja kwako kwanza, ukiukubali ndo unaonekana. Msimamizi wake wa zamani sasa yuko Kampala, tukamtafuta tukampata, mjomba akamwandikia salamu ndefu kweli, habari za watoto, habari za ziwa, mwisho kabisa ndo ombi. Mimi ningefupisha lakini wao wana namna yao.

Ukaja ushuhuda: mchapakazi, mwaminifu, nampendekeza popote. Yani zilezile! Mjomba alitaka kuukubali afu ashukuru. Nikamwambia mtandao unaruhusu kuomba arekebishe, mwombe kwa heshima aandike ule usiku umeme ulipokatika na jenereta ikagoma na stoo imejaa mzigo wa kontena. Akasita sana, kwa umri wao kumwambia mkubwa wako aandike upya ni kama kumkosea adabu. Akampigia simu badala ya kuandika, wakacheka nusu saa wakiukumbuka huo usiku, kesho yake ukaja ushuhuda mwingine kabisa: jinsi mjomba alivyozuia watu wasifungue mlango hata mara moja, alivyogawa umeme wa jenereta ndogo kwa zamu kati ya vyumba, na joto la mzigo lilivyoandikwa kwenye daftari mpaka asubuhi. Mtu anayejua kazi akisoma pale hahitaji kuambiwa huyu ni mwaminifu.

Wiki ya nne, koneksheni na posti

Kwa mtaani koneksheni ni mjomba wako aliyeko ofisini. Huku inabidi uiombe kwa mtu usiyemjua, kwahiyo tumechagua wa kuwaomba: wasimamizi wa matengenezo wa viwanda vya chakula, mainjinia wa hoteli, watu wa stoo za chanjo, wanaosimamia jiko kwenye kambi za migodini, wauza vipuri vya majokofu. Maafisa ajira tumewaacha kwanza, mjomba hatafuti kuajiriwa, na ndo maana hata ile fremu ya kijani ya kutafuta kazi hatujaiwasha. Ombi likienda na barua fupi lina uzito zaidi, herufi chache tu, ila akaunti ya bure inakupa barua chache kwa mwezi, basi tunaziweka kwa wale muhimu. Ya kwake inataja kitu kimoja cha huyo mtu na kitu kimoja cha mjomba, haiombi kazi.

Posti ya kwanza ilikuwa picha ya evaporeta imejaa barafu kama pamba, na maelezo mafupi: barafu ikijaa hewa haipiti, chumba hakipoi, kompresa haipumziki, umeme wa Luku unakwisha, kabla hujasema gesi imeisha kaangalie mlango. Watu wakaanza kuuliza maswali ya friji za nyumbani, mjomba akajibu mmoja mmoja kwa uvumilivu ambao mimi sina.

Ya pili ndo imesomwa na watu tuliowataka. Aliongelea gesi ya R404A, ambayo koldirumu nyingi za huku zinatumia. Mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali, hapo jirani tu, wakakubaliana kupunguza gesi za aina hiyo hatua kwa hatua, kwa sababu R404A ikivuja inaongeza joto duniani karibu mara 3,900 kuliko uzito uleule wa kaboni dayoksaidi. Mjomba hakuhubiri mazingira, aliongea hela: unayenunua mtambo mpya leo muulize muuzaji unatumia gesi gani, maana wa leo utakaa miaka mingi na gesi yake itazidi kuadimika. Injinia mmoja wa hoteli akabishana naye kwenye komenti, wakaenda mbele wakarudi, wakaishia kubadilishana namba.

Ujumbe wa kitapeli nao umefika, kazi ya nje ya nchi, mshahara wa dola, tuma kwanza ada ya vipimo. Mjomba alisoma mara mbili akaniuliza "mwajiri gani anataka nimlipe mimi?" Tumeripoti, tumezuia.

Leo, hali ya mradi

Takwimu za kila wiki zinaonyesha ametokea kwenye utafutaji wa watu wa vyakula, wa madini na wa hoteli. Idadi ni ndogo, lakini kabla ya mradi haikuwepo. Kiungo cha profaili tumekifupisha kikabaki jina na kazi, kimechapwa kwenye kadi na kwenye stika anayobandika kwenye paneli ya mtambo akimaliza kazi. Hiyo stika ni wazo lake na nadhani inafanya kazi kuliko posti zote mbili.

Kilichobaki: ushuhuda wa mteja wa sasa hivi, sio wa zamani tu, yule wa Kirumba kaahidi ila hana akaunti, itabidi nimfungulie na yeye, mradi juu ya mradi. Video fupi ya bisibisi sikioni, mjomba anasema ni siri ya kazi, nambembeleza. Na kupanga namba ya pili ya simu, kwa sababu hii ya sasa inapigwa na nusu ya Mabatini.

Jana jioni kaandikiwa na mtu wa Bukoba mwenye chumba cha kuhifadhia samaki, ametaja ule ushuhuda wa usiku wa jenereta, kauliza gharama za kuja kukagua. Mjomba kamjibu mwenyewe bila kuniita, kamtumia orodha ya picha anazotaka atumiwe kwanza: bamba la kompresa, geji mbili zikiwa zinasoma, na mlango ukiwa umefungwa, karatasi imebanwa kwenye mpira wake kuona kama unabana. Picha za geji zimeshafika, ya karatasi bado.